Nimemwaga bakteria mtaroni, mbona mbu ni wale wale?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Kigogo, bondeni, si mbali na Mto Msimbazi. Nyumba yetu ina wapangaji sita, uani kuna kisima, choo cha shimo na karo la maji ya kufulia. Mwezi uliopita alipita kijana anauza chupa ndogo, anasema ni bakteria wanaoua mbu, siyo kemikali. Nikanunua, nikamimina chupa nzima mtaroni. Wiki mbili sasa, mbu ni wale wale na usiku hatulali. Jirani naye ananitisha kwamba bakteria hao watazaliana mpaka kwenye kisima, watoto wapate homa ya matumbo, na bata wake wanakunywa maji ya mtaro huo huo. Nauliza: ni kweli bakteria wanaua mbu au nimetapeliwa? Wana madhara? Na kama wanafanya kazi, naweza kuachana na dawa ya kupuliza na vyandarua? Mwanangu wa mwisho ana pumu, dawa ya kopo inambana kifua."*

Dada, pole kwa kukesha ukipiga makofi gizani. Nianze na lililo jepesi: ndiyo, wapo bakteria wanaoua mbu, na hilo halikutungwa na mchuuzi. Kinachonitia shaka ni mahali ulipoimwaga ile chupa. Hata kama dawa ilikuwa nzima kabisa, mtaro unaotiririka kwenda Msimbazi ni sawa na kutia chumvi kwenye maji ya bomba lililofunguliwa.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba dawa hii haimgusi mbu anayeruka. Inaua viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wakiwa bado majini. Mbu aliyekwisha kuota mabawa siku uliyomimina aliendelea na maisha yake, na anaweza kuishi wiki mbili tatu hivi. Zaidi ya huyo kuna pupa, wale wadogo waliojikunja kama alama ya mkato, ambao hatua hiyo hawali kitu. Dawa yenyewe lazima iliwe ndipo iue, kwa hiyo pupa nao walipita salama na kuruka baada ya siku moja au mbili. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, wiki ya kwanza hutaona tofauti kubwa chumbani. Wengi hukata tamaa hapo.

Sasa huyo bakteria ni nani. Jina lake la kitaalamu ni *Bacillus thuringiensis israelensis*, nasi tunamwita Bti tu. Alipatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israel, kwenye dimbwi lililotuama ambamo viluwiluwi walikutwa wamekufa. Jamaa zake walikwisha kujulikana kitambo: Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa ovyo, na Ujerumani mwaka 1911, katika jimbo la Thuringia lililompa jina. Hao wengine ndio wakulima wanaowanyunyiza kwenye kabichi kuua viwavi. Huyu wa Negev akawa wa kwanza katika ukoo huo kuonyesha makali kwa mbu.

Bakteria huyu akiishiwa chakula hujifunga na kuwa kijimbegu kigumu, na pembeni ya kijimbegu hicho hutengeneza fuwele ya protini. Fuwele hiyo ndiyo silaha. Kiluwiluwi hana tabia ya kuchagua chakula. Ana vibrashi viwili mdomoni anavyovipepea kutwa kuvuta maji, na kila chembe inayopita anaimeza. Ndani ya utumbo wake mambo ni makali kama maji ya magadi, na fuwele ile huyeyuka kwenye hali ya magadi tu. Ikishayeyuka, vimeng'enya vyake mwenyewe huikatakata, vipande vinavyobaki hunasa kwenye ukuta wa utumbo mahali maalumu panapovipokea, kisha hutoboa matundu. Seli hunywa maji, huvimba, hupasuka. Kiluwiluwi huacha kula mapema, na kwa kawaida ndani ya siku moja ameshakufa.

Linganisha na tumbo lako, au la bata. Tumbo la binadamu lina tindikali, limekaa upande wa ndimu siyo upande wa magadi, na ukuta wa utumbo wetu hauna sehemu ya kuzipokea protini hizo. Zikiingia humeng'enywa kama protini ya maharage. Ndiyo maana samaki, kuku, bata na nyuki hawadhuriki kwa viwango vinavyotumika. Afrika Magharibi, usubi, wale inzi wadogo wa mitoni wanaoeneza ugonjwa wa kupofusha macho, walipokuwa sugu kwa kemikali iliyokuwa ikitumika mitoni, mpango wa kudhibiti ugonjwa wa usubi uliingiza Bti kwenye mito yenyewe kuanzia miaka ya 1980, mito ambayo watu walivua samaki na kuchota maji ya kunywa. Wadudu wanaoweza kuumia pamoja na mbu ni wa ukoo wa karibu, kama hao usubi na aina fulani za visubi wasiouma. Bata wa jirani hawamo.

Kuhusu homa ya matumbo, jirani yako amechanganya majina. Neno "bakteria" ni kama neno "ndege": kuna kunguru na kuna njiwa. Homa ya matumbo inaletwa na Salmonella, anayetoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa, na Bti hawezi kugeuka kuwa yeye. Lakini hofu ya jirani imegusa kitu cha kweli bila yeye kujua. Kisima na choo cha shimo katika ua mmoja wa Kigogo, ambako maji ya ardhini yako juu na mafuriko hufika, ni mchanganyiko unaonitisha mimi kuliko chupa ile. Chemsha maji ya kunywa au yatie klorini, uwe umetia dawa ya mbu au hukutia.

Nisikuambie kwamba ni maji ya maua. Bti ana ndugu wa karibu ambao huleta sumu kwenye chakula, na dawa iliyotengenezwa kiholela inaweza kuchafuliwa. Kwa hiyo usiishike kwa mikono yenye vidonda, usiisugue machoni, nawa kwa sabuni ukimaliza, na usinunue chupa isiyo na lebo, namba ya usajili wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Hapa kwetu viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kijana wa chupa asiyeweza kukuonyesha namba hiyo, mwache apite.

Tuje kwenye mbu wako. Umesema usiku hamlali. Sijafika kwako, lakini ua wenye karo na choo cha shimo, Dar es Salaam, mbu wengi wa usiku huwa Kuleksi, yule wa kahawia anayelia sikioni. Huyu anapenda maji machafu. Jike mmoja hutaga mayai mia na zaidi, yamegandana kama mtumbwi mdogo mweusi juu ya maji, na kwa joto la Dar yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Karo moja lenye mfuniko uliovunjika pembeni linatosha kuikesheza nyumba nzima. Yeye ndiye msambazaji mkubwa wa matende na mabusha hapa pwani. Anofelesi wa malaria ni mwingine: anataka maji yaliyo wazi yanayopata jua, kama madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, na hasa ile mifereji kati ya matuta ya matembele na mchicha mabondeni. Wa tatu ni Aedesi, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta kidingapopo, yaani homa ya dengue. Huyo anazaliana kwenye pipa lisilofunikwa, tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Dar iliumizwa naye mwaka 2014 na tena 2019.

Unaweza kuwatambua mwenyewe. Chukua bakuli jeupe, litumbukize taratibu ukingoni mwa maji, kisha liache litulie mahali penye mwanga. Viluwiluwi wa Anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Wa Kuleksi na Aedesi huning'inia kichwa chini, mkia juu, wakipumua kwa mrija ulio mkiani. Nilipoanza kazi hii, kijana wa kushika upawa, nilichota karo moja uswahilini nikadhani nimechota uji wa ulezi: yale mawimbi ya kahawia yalikuwa viluwiluwi. Mwenye nyumba alikuwa amemaliza makopo mawili ya dawa ya kupuliza wiki ile.

Hapo ndipo unapoona kwa nini aina ya bakteria ina maana. Bti hufanya vizuri kwenye maji masafi kiasi. Kwenye maji ya karo, chembe za uchafu ni nyingi mno, kiluwiluwi hushiba takataka kabla hajaifikia fuwele, na fuwele zenyewe hushikamana na tope na kuzama. Jua nalo huichakaza. Kwenye madimbwi ya nje nguvu yake huisha kwa siku chache, ndiyo maana hutiwa kila wiki. Kwa maji machafu kuna bakteria mwingine, *Lysinibacillus sphaericus*, ambaye kwenye lebo nyingi bado anaandikwa kwa jina la zamani, *Bacillus sphaericus*, au Bs. Anamudu uchafu, anadumu zaidi, na makali yake ni kwa Kuleksi hasa. Ila kwa Aedesi Bs ni butu. Kwa hiyo soma lebo kwanza ujue ulinunua yupi.

Na kuna namna ya kujua kama umetapeliwa. Chota maji yenye viluwiluwi kutoka karoni, gawanya kwenye vikombe viwili vya plastiki, viluwiluwi ishirini ishirini, wa saizi ya kati, usiweke pupa. Kimoja tia dawa kidogo, hata ya matone yaliyosalia chupani, kwa kipimo cha lebo, kingine usitie. Funika vyote kwa kitambaa chepesi, viache kivulini. Kesho yake wakati kama huo, hesabu. Kama wa kikombe cha dawa wamezama wamekufa na wa kikombe kingine wanacheza, dawa ni nzima. Kama vikombe vyote viwili wanacheza, dawa imekufa, au umetia Bti kwenye maji mazito mno. Rudia na maji ya mvua ili utofautishe.

Jaribio hilo nalisisitiza kwa sababu lilishanifedhehesha. Tulipokea katoni zilizokaa miezi kadhaa kwenye stoo ya mabati, tukatia madimbwi wiki tatu mfululizo, viluwiluwi wakawa wanaogelea tu. Tukaandika kwamba mbu wamekuwa sugu. Kumbe joto lilikuwa limeipika dawa. Vikombe viwili siku ya kwanza vingetuokolea wiki tatu. Chupa yako nayo, kama ilizunguka juani mgongoni mwa kijana kutwa nzima, huenda ilikufa kabla hujailipia.

Je, inafanya kazi kwa jiji, siyo kwenye vikombe tu? Dar es Salaam ni mmoja wa miji iliyolijaribu hili kwa ukubwa. Mpango wa mjini wa kudhibiti malaria ulianza mwaka 2004, na mwaka 2006 kata tatu zikaanza kutiwa dawa ya bakteria, baadaye zikafika kumi na tano. Waliofanya kazi ni watu wa mitaa yenyewe, wakipita dimbwi kwa dimbwi kila wiki, na vyoo na makaro yakitiwa Bs kila baada ya miezi kama mitatu. Maambukizi ya malaria yalipungua. Hesabu ya kata zote kwa pamoja ilionyesha uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea ulishuka kwa takriban asilimia 21. Ni punguzo la kweli, lakini halikumaliza malaria, na lilipatikana juu ya vyandarua, siyo badala yake. Shirika la Afya Duniani nalo linaiweka dawa hii kama nyongeza, kwa maeneo ambayo mazalia ni machache, hayahamihami na yanaonekana. Siku hizi dawa hizi hutengenezwa hata Kibaha, kwenye kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Kuba, kwa hiyo si lazima usubiri kijana wa mtaani.

Faida yake nyingine ni usugu, au tuseme uchache wake. Dawa nyingi za kopo na zile zinazowekwa kwenye vyandarua ni za kundi moja, pairethroidi, na mbu wa sehemu nyingi za Tanzania wamekwisha kuzizoea. Bti hutumia protini nne zinazoshambulia kwa njia tofauti, hivyo mbu hupata shida kujikinga na zote kwa mpigo. Bs hana bahati hiyo. Sumu yake hunasa mahali pamoja tu, na Kuleksi sugu kwa Bs wamepatikana Ufaransa, India na Brazil. Ukimtumia karoni mwaka mzima bila kubadilisha, unawafundisha.

Ningekuwa uani kwako, ningeanza na karo kabla ya chupa. Ziba ufa wa mfuniko kwa saruji, funga wavu mgumu kwenye bomba la hewa la choo. Kazi ya nusu siku, na haihitaji kurudiwa kila wiki. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga vipira vidogo vya povu jeupe kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Vikaelea vikafunika uso wote, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi pa kupumulia, bila tone la sumu. Ningependa sana mtaa wenu uwaze hivyo. Oili chafu ambayo mafundi wa gereji hukupa bure usiimwage. Inaua kweli, lakini kwa ua wenye kisima unajitilia sumu mwenyewe.

Karo likishindikana kuzibwa, hapo tia Bs kwa kipimo cha lebo. Kisima kifunike, usikitie chochote. Shirika la Afya Duniani limekubali matumizi ya Bti kwenye maji ya kunywa, lakini kwa bidhaa zilizotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, na kisima chenye mfuniko mzuri hakihitaji. Mapipa yamwage na kuyasugua pembeni kila wiki, kwa sababu mayai ya Aedesi hugandia ukutani na hukaa makavu kwa miezi. Mtaro uondoe taka ili maji yatembee. Maji yanayotembea hayalei mbu. Na zungumza na majirani, maana Kuleksi haulizi mpaka wa kiwanja, naye huruka kilomita nzima bila taabu.

Vyandarua usiache. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi. Hata mtaa ukitiwa dawa vizuri, mbu mmoja wa malaria kutoka bondeni anatosha. Dawa ya kopo, kwa sababu ya mtoto, hiyo unaweza kuiacha, na ile ya kuchoma inayotoa moshi pia. Hela yake nunua wavu wa madirisha. Lakini kifua kinachobanwa mara kwa mara si suala la mbu peke yake: mpeleke hospitali apimwe na apewe dawa yake ya kuvuta, usisubiri abanwe usiku.

Mtu yeyote nyumbani akipata homa, nendeni kituo cha afya mkapime ndani ya siku ile ile au inayofuata. Msinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Kipimo cha malaria kikitoka safi na homa bado kali, viungo na nyuma ya macho vinauma, fikirieni kidingapopo: tumieni parasetamoli tu, msitumie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutoka damu. Fizi zikitoka damu, tumbo likiuma sana au matapishi yasipokoma, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Mguu au korodani ikianza kuvimba taratibu, msione haya, dawa za kuua minyoo inayoleta matende na mabusha zipo na busha linafanyiwa upasuaji.

Kwa bonde lenyewe la Msimbazi, hilo si la chupa yako. Masika yakiisha, madimbwi yanayobaki ni mengi mno kwa mtu mmoja. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe afisa afya wa kata aje auone uwanja kwa macho yake, na umwonyeshe bakuli lako jeupe likiwa na viluwiluwi ndani. Barua hukaa mezani, lakini bakuli lenye wadudu wanaochezacheza sijaona ofisi iliyolipuuza. Ukishafanya lile jaribio la vikombe viwili, niandikie jina lililo kwenye lebo na idadi ya waliokufa, nikuambie kama chupa iliyobaki kwa huyo kijana inafaa kununuliwa.